Asilimia 5 ya nini? Kanuni za mafuta na nafasi ya Waturkana kuulizwa

Tuseme visima vya mafuta vya Lokichar Kusini, kaunti ya Turkana, vimetoa mapipa 100, kila pipa lita 159 hivi. Kampuni inaanza kwa kujirudishia gharama ilizotumia kutafuta na kuchimba; tuseme mapipa 60 yanakwenda huko. Yaliyobaki 40 ndiyo faida, nayo inagawanywa kati ya kampuni na serikali. Tuseme wanagawana nusu kwa nusu, serikali ikapata 20. Hapo ndipo kifungu cha 58 cha Sheria ya Petroli ya Kenya, 2019, kinapoanza kazi: serikali ya taifa inabaki na mapipa 15, kaunti inapata 4, na jamii ya mahali penye mafuta inapata moja.

Pipa moja katika mia. Ile 60 na ile nusu ni namba za mfano tu, mkataba una zake, lakini njia ya hesabu ndiyo hiyo. Asilimia 5 wanayoahidiwa wafugaji wa Turkana inatolewa katika fungu la serikali, baada ya gharama na baada ya kampuni kuchukua chake. Mtu anayesikia "asilimia 5 ya mafuta" akarudi manyattani kuwaambia wenzake hivyo, amebeba habari iliyozidishwa mara kadhaa, na siku malipo yatakapofika atadhani ameibiwa hata kama hakuna aliyeiba.

Tumeanza na hesabu kwa sababu inaonyesha mahali uamuzi ulipofanyika. Hakuna baraza la chifu lililoweka namba ile, wala haikutoka kwenye mkutano wa kampuni kando ya kisima. Ilitoka bungeni Nairobi, katika mvutano ulioanza na mswada wa 2015. Bunge lilipoupitisha mara ya kwanza ulikuwa na asilimia 10 kwa jamii. Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha akitaka ipunguzwe. Viongozi wa Turkana walikataa. Na Mei 2018 wakaafikiana naye asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Sheria ilitiwa sahihi Machi 2019. Mafuta yenyewe yalikuwa yametangazwa tangu Machi 2012, katika kisima cha Ngamia-1. Kwa hiyo kwa miaka saba watu walikuwa wakiitwa kwenye mikutano mingi ya visima, barabara, maji na ajira, huku jambo lililowagusa zaidi likiamuliwa kwenye mkondo mwingine kabisa.

Mikondo hiyo ni mitatu, na kuichanganya ndiko kunakozaa malalamiko mengi tunayoyasikia.

Wa kwanza ni sheria. Bunge likitunga au kurekebisha sheria, Katiba ya 2010, ibara ya 118, inalitaka lishirikishe umma, na ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia ombi. Hapa ndipo asilimia zinapowekwa, na maneno yanapopewa maana. Wa pili ni kanuni, ambazo waziri huzitunga chini ya sheria: taka za visima zishughulikiwe vipi, bodi ya hazina itakayopokea fungu la jamii ipatikaneje, kampuni iajiri na kununua nini kwa wenyeji. Kanuni hazina makelele ya bungeni, hazitangazwi sana, na ndizo zinazogeuza neno la sheria kuwa maisha ya kila siku. Wa tatu ni mradi wenyewe: kisima hiki, bomba lile, ripoti ya athari kwa mazingira, leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Sasa fikiria mzee amesimama kwenye mkutano wa mradi akauliza kwa nini jamii inapata 5 na si 10. Afisa wa kampuni atamjibu kwa upole kwamba suala hilo liko nje ya uwezo wake, na atakuwa anasema kweli. Mzee naye atahesabiwa kuwa ameshiriki. Jina lake litakuwa kwenye orodha ya mahudhurio, na swali lake halitakuwa limefika popote.

Je, Waturkana ni "jamii asilia"?

Swali hili linaudhi wengi Afrika Mashariki, kwa kuwa kila kabila lina kwao. Lakini katika sheria ya kimataifa neno hilo halimaanishi nani alifika wa kwanza. Linahusu watu ambao maisha, utamaduni na riziki yao vimefungamana na ardhi fulani, na ambao dola imewaweka pembeni. Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililitumia hivyo katika kesi ya Waendorois wa Ziwa Bogoria, uamuzi uliotangazwa 2010, na Mahakama ya Afrika ikafanya vivyo hivyo kwa Waogiek wa Msitu wa Mau mwaka 2017. Katika uamuzi wa Waendorois, Kamisheni ilisema kwamba mradi mkubwa wenye athari kubwa ndani ya ardhi ya jamii kama hiyo hautoshelezwi na mashauriano peke yake: serikali ipate ridhaa yao, iliyotolewa kwa hiari, kabla ya kazi kuanza, na baada ya kupewa habari kamili. Mahakama iliporudi kwenye shauri la Waogiek mwaka 2022 kuamua fidia, iliagiza pia kwamba jamii ishauriwe kwa kufuata mila na desturi zake yenyewe.

Katiba ya Kenya haikwepi jambo hili. Ibara ya 260, inapoeleza "jamii zilizotengwa", inataja jamii asilia za wawindaji na wakusanyaji, na inataja wafugaji, wawe wa kuhamahama au waliotulia mahali pamoja. Waturkana wamo. Lakini Kenya haijaridhia Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, na Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la haki za watu asilia Septemba 2007, Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Hata hivyo Azimio lile linastahili kusomwa na kila mtu anayeandika maoni kuhusu mafuta, kwa sababu linatenganisha vizuri mambo tunayoyachanganya: ibara ya 19 inahusu sheria na hatua za kiutawala, ya 32 inahusu miradi. Zote zinataka mashauriano ya nia njema yenye lengo la kupata ridhaa, na kutimiza moja hakufuti nyingine.

Maneno mawili yaliyobeba uzito

Chini ya Sheria ya Petroli, "jamii ya mahali" ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa na wanaoathiriwa na uchimbaji huo. Isome tena polepole, ukiwa na ramani.

Visima viko Turkana Kusini na Turkana Mashariki. Mfugaji wa Kiturkana hahesabu ardhi kwa kaunti ndogo. Anakwenda na adakar yake, yaani kundi la maboma yanayohama na kulisha pamoja, kufuata mvua na majani. Msimu mmoja yuko karibu na uzio wa kisima, msimu mwingine yuko mbali, pengine ng'ambo ya mpaka upande wa Karamoja, Uganda. "Anaishi" wapi? Na yule wa kaunti ndogo za Loima au Turkana ya Kati ambaye malisho yake ya kiangazi yalikuwa pale palipozungushiwa uzio, huyu kaathiriwa lakini haishi humo. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara aliyehamia Lokichar mwaka juzi anaishi humo bila shaka yoyote. Maneno "wanaoishi katika" yaliandikwa na watu wenye anwani. Laiti wafugaji wangeulizwa kuhusu fasili hii kabla haijapita, nadhani wangependekeza kipimo cha malisho na maji, si cha mpaka wa utawala, na wangekuwa na majina ya mabonde na visima vya maji vya kukipima.

Ukifuata bomba lililopangwa kufika Lamu, kilomita 820 hivi, unakutana na tatizo hilo hilo kwa sura nyingine. Linapita Samburu, Isiolo, Meru na Garissa. Huko kutakuwa na mtaro, kambi za wafanyakazi na njia za mifugo zilizokatwa, lakini hakuna mafuta "yanayochimbwa", hivyo hakuna fungu la kifungu cha 58.

Neno la pili ni ardhi. Mafuta yaliyo chini ni mali ya umma chini ya serikali ya taifa, ibara ya 62. Ardhi iliyo juu, kwa sehemu kubwa ya Turkana, ni ya jamii, ibara ya 63. Sheria ya Ardhi ya Jamii, 2016, inaipa jamii iliyosajiliwa nguvu ambayo huwezi kuipata mahali pengine: chini ya kifungu cha 36, makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi yake hayapiti ila thuluthi mbili ya watu wazima wake wahudhurie mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo, na thuluthi mbili wakubali. Jamii isiyosajiliwa, ardhi yake inashikiliwa na kaunti kwa niaba yake, na hata pesa za fidia zinakaa kwa kaunti zikisubiri usajili. Usajili unataka jamii ijitambulishe, iwe na orodha ya wanachama, na ichague kamati ya watu 7 hadi 15. Ni kazi ya kuchosha, ina ugomvi wa mipaka ndani yake, na kwa mfugaji anayehama inaonekana kama jambo la watu wa mjini. Lakini jamii ambayo haijasajiliwa inapoitwa "kushauriwa", inaitwa kama mgeni mwalikwa. Iliyosajiliwa inaitwa kama mwenye nyumba. Kule Marsabit, Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilisema hatimiliki za ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria wa kutenga ardhi ya jamii. Mitambo ilikuwa tayari inazunguka.

Kanuni inavyopaswa kupita

Sheria ya Hati za Kisheria, 2013, ndiyo inayosema waziri afanye nini kabla ya kutunga kanuni. Wachache sana huitaja, na ndiyo chombo kikali kuliko vyote mkononi mwa jamii. Kifungu cha 5 kinamtaka ashauriane na watu watakaoguswa. Kama kanuni itawatwika watu gharama kubwa, lazima kuwe na taarifa ya athari zake: lengo ni nini, njia nyingine zilikuwa zipi, nani atalipa nini. Tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi na katika gazeti la kawaida, na watu wanapewa muda wa maoni usiopungua siku 14. Kanuni ikishachapishwa, inapaswa kuwekwa mezani bungeni ndani ya siku saba za vikao, isipowekwa, inakufa. Kamati ya bunge inayopitia kanuni hizi ina siku 28 kusema kama utaratibu ulifuatwa, ikiwemo kama watu waliulizwa, na ikikaa kimya kanuni inahesabiwa kuwa imepita. Siku hizo 28 ni dirisha ambalo jamii nyingi hazijui hata kwamba lipo.

Siku 14 zenyewe ni fupi mno. Gazeti linafika Lodwar, makao makuu ya kaunti. Kutoka Lodwar hadi Lokichar ni karibu kilomita 90, na adakar iko mbele zaidi, isiyo na gazeti wala mtandao. Rasimu iko kwa Kiingereza cha kisheria. Kabla mtu hajaipata, kuitafsiri na kuwakusanya wazee, siku zimekwisha. Hata kanuni za tathmini ya mazingira za 2003, zinazohusu miradi tu, zina masharti bora zaidi: mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa, tangazo la redio kwa lugha ya mahali angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, na ilani wiki moja kabla ya mkutano. Mimi sioni sababu kisima kimoja kitangazwe redioni kwa Kiturkana, halafu kanuni itakayotawala visima vyote itangazwe kwa Kiingereza gazetini.

Mahakama ya Juu, katika kesi ya kanuni za tumbaku iliyoamuliwa Novemba 2019, iliweka vipimo vinavyofaa kunukuliwa katika kila barua: ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe wa kupamba; mada ieleweke wazi; watu wawe wamewezeshwa kuielewa; wawe na nafasi halisi ya kugeuza uamuzi; na mzigo wa kuufanya uko juu ya chombo cha serikali, si juu ya wananchi. Na ushahidi kwamba sharti la ushirikishaji lina meno, hata kabla ya hukumu hiyo, uko Lamu. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa sababu, pamoja na mambo mengine, watu waliitwa mikutanoni kabla ya ripoti ya athari kukamilika. Ilipokuwa tayari, ikiwa na maelezo ambayo yangewafaa, hawakurudiwa.

Mambo yanapoharibikia

Kwanza ni majira. Mkutano ukiitwa kiangazi kikali, vijana wako na mifugo mbali, wanawake wako kwenye visima vya mchanga wakichimba maji, na waliobaki kusikiliza ni wazee wachache, wafanyabiashara na wale wanaoishi kwa kuhudhuria mikutano. Kisha kuna mahali: hoteli ya Lodwar yenye viyoyozi inawapa wenye nauli sauti mara mbili. Kisha posho. Siyo vibaya kumlipia mtu nauli na chakula aliyetembea siku nzima, lakini karatasi anayotia sahihi kupokea posho isiwe ndiyo ile ile inayoambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba aliridhia. Ziwe karatasi mbili, kila moja na kichwa chake, na kichwa kisomwe kwa sauti kabla kalamu haijashikwa.

Tafsiri ni jambo zito zaidi. "Gharama zinazorudishwa" ni maneno ambayo ukiyapeleka kwa Kiturkana bila mfano, mtu anaweza kusikia kwamba kampuni itarudisha pesa kwake. Hesabu ya mapipa 100 tuliyoanza nayo, ikichorwa mchangani kwa vijiti au kwa mbuzi, inaeleweka katika dakika kumi. Mkalimani apewe rasimu siku kadhaa kabla, asikutane nayo mbele ya watu.

Lipo pia kosa la kudhani viongozi ndio watu. Serikali ikizungumza na gavana, wabunge na madiwani, imezungumza na viongozi waliochaguliwa, jambo la lazima. Lakini kaunti ina asilimia 20 yake, na jamii ina 5 yake, na hazina hiyo ya jamii inaendeshwa na bodi inayoundwa na kaunti. Masilahi yao yanapishana hapo hapo. Watu wa Lokichar na Lokori walionyesha pengo hilo wenyewe: Oktoba 2013 waandamanaji walisimamisha kazi za kampuni, na Juni 2018, wiki chache baada ya Rais kuzindua usafirishaji wa mafuta kwa malori, malori yalizuiwa barabarani kwa madai ya usalama na ajira. Mafuta ya kwanza kuuzwa nje, mapipa takriban 240,000, hayakuondoka Mombasa hadi Agosti 2019. Kila mtu alipoteza muda, serikali ikiwemo.

Peru ilifika mahali pabaya zaidi kabla ya kubadilika. Juni 2009, huko Bagua, watu 33 walikufa katika mapambano yaliyotokana na amri za serikali kuhusu ardhi na rasilimali za Amazon, amri zilizotungwa bila kuwauliza watu wa asili. Sheria ya mashauriano iliyofuata mwaka 2011, Na. 29785, ina hatua saba, na mojawapo ni ile ninayoitamani zaidi kwa Kenya: tathmini ya ndani. Baada ya kupewa habari, jamii inakaa peke yake, bila afisa wala kampuni, ijadili kwa njia zake, ndipo irudi mezani na msimamo. Sheria ile ina udhaifu wake, kwani neno la mwisho bado ni la serikali. Lakini Waturkana tayari wana mahali pa hatua hiyo. Ni chini ya mti wa wazee. Kinachokosekana ni siku kwenye ratiba.

Maoni yanayosomeka

Rasimu ikisikika, jambo la kwanza ni kuiomba yenyewe, pamoja na taarifa ya athari. Muhtasari hautoshi. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016, ofisi ina siku 21 kujibu, na kwa kuwa maoni yanafungwa mapema kuliko hapo, barua hiyo hiyo iombe muda uongezwe. Barua ipelekwe nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Kisha vikao vya adakar kwa adakar, vya wanawake peke yao pia, na vya vijana.

Maandishi yasiwe hotuba. Kwa kila kifungu: namba yake, maneno yalivyo, maneno tunayotaka, na sababu kwa sentensi mbili. "Tunapinga" bila maneno mbadala huingia kwenye jalada na kulala humo. Mwishoni dai jedwali la majibu, linaloonyesha kila hoja, kama imekubaliwa, na kama imekataliwa ni kwa nini. Kanuni ikichapishwa bila jedwali hilo, nakala yenye muhuri ndiyo ya kupeleka kwa kamati ya bunge ndani ya zile siku 28, na baadaye mahakamani ikilazimu.

Na kazi ipo. Kifungu cha 58 kinasema fungu la jamii litalipwa kwenye hazina ya amana inayosimamiwa na bodi iliyoundwa na kaunti "kwa kushauriana na jamii ya mahali". Hayo maneno machache ndiyo yanayoamua lile pipa moja litamfikia nani. Wadhamini wachaguliwe wapi, na mfugaji aliye Karamoja siku ya uchaguzi apige kura vipi? Wanawake wawe wangapi? Mdhamini mbaya aondolewe na nani, kwa kura ngapi? Hesabu za mwaka zisomwe mjini, au zipelekwe kwenye visima vya maji msimu watu wanapokusanyika, kwa Kiturkana, zikichorwa mchangani?

Majibu ya hayo yanaandikwa kwenye kanuni.